Simbilisi wa Nkuhungu: shajara ya banda, joto na nyasi

Jumamosi, 21 Septemba 2024

Wamefika. Basi la Iringa liliingia stendi ya Nanenane saa mbili nyuma ya muda, na konda akanikabidhi boksi la sabuni lililotobolewa matundu kwa bisibisi. Juu limeandikwa kwa kalamu nene: KUKU. Nikamuuliza kwa nini kuku. "Bosi, kuku ana bei yake inajulikana. Hao wengine ningekutoza shilingi ngapi?"

Ndani kulikuwa na simbilisi wawili, wale wanyama wadogo wa jamii ya panya wasio na mkia, wamejibana kwenye kona moja, mmoja mweusi mwenye baka jeupe kifuani, mwingine mdogo wa kahawia. Binti yangu, ambaye ana miaka tisa na alianza maombi yake kwa kutaka mbwa, ameshawapa majina kabla hatujatoka stendi: mweusi ni Zabibu, wa kahawia ni Karanga. Muuzaji kaniapia kwamba wote ni majike.

Nimewapima kwa mizani ya jikoni. Zabibu gramu 640, Karanga gramu 310. Mke wangu ameniambia mizani hiyo sasa ni ya simbilisi, yeye atanunuliwa nyingine. Naiandika hapa kama gharama ya kwanza ya mradi: 18,000.

Jirani kachungulia dirishani na kusema, "Kumbe unafuga pimbi." Nimeshaona kwamba hili nitalijibu mpaka nichoke. Pimbi ni yule wa kwenye majabali, tunaye tele hapa Dodoma, hahitaji kufugwa na mtu. Simbilisi asili yake ni huko milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka na wanamla hadi leo. Nyanda za juu huku kwetu wanamla pia, jambo ambalo binti hajaambiwa.

Usiku huu wanalala stoo, ndani ya boksi la televisheni.

Jumamosi, 28 Septemba

Banda limekamilika. Nimeligharamia 138,000: mbao, wavu, bawaba, misumari, mabati mawili na ufundi.

Fundi wetu wa mtaani amezoea mabanda ya sungura. Nilipomwambia nataka urefu wa meta 1.8 na upana wa sentimita 70, ghorofa moja tu, alicheka. "Humu wanaenea sungura watano, wewe una panya wawili." Lakini hapo nilikuwa nimesoma vya kutosha. Simbilisi hapandi wala haruki juu, anakimbia chini, hivyo kimo hakimsaidii kitu. Wawili wanataka eneo la sakafu lisilopungua robo tatu ya meta ya mraba hivi, na zaidi ya hapo ni bora. Nimewapa meta 1.26 za mraba.

Miguu ya banda ina sentimita 60, na kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu kwa ajili ya siafu. Upande mmoja ni mbao tupu bila wavu, kwa sababu huyu ni mnyama wa kujificha. Akikosa pa kujificha anakaa roho juu mchana kutwa.

Mahali pa kuliweka nilipafikiria sana. Kila nilichosoma kilisema mkinge na upepo, mkinge na baridi. Sasa upepo wa Dodoma Septemba hauna haja ya kuelezwa, unatoka mashariki na vumbi lake jekundu, ukiacha dirisha wazi unafagia mara mbili. Kwa hiyo banda limekaa ukumbi wa nyuma, upande wa magharibi. Hakuna upepo kabisa. Nimejipongeza.

Jumapili, 6 Oktoba

Sikumwambia fundi asitie sakafu ya wavu. Kwake sakafu ya banda ni wavu, mkojo na mavi vinapita chini, kazi imekwisha. Mimi nilipoliona nikaona ni akili.

Juzi binti akaniambia Karanga anatembea kama anayekanyaga makaa. Nikamgeuza. Nyayo za nyuma nyekundu, moja imeanza kuvimba. Sungura ana manyoya chini ya unyayo, simbilisi hana. Unyayo wake ni ngozi tupu kama kiganja cha mtoto, na kidonda cha hapo kikiingiwa na uchafu kinakuwa jipu lisilopona kirahisi.

Sakafu mpya ni plaiwudi, juu yake kapeti la plastiki lililopandishwa kidogo kwenye kuta ili mkojo usiingie kwenye mbao. Swali la fundi lilikuwa la haki: "Sasa mkojo utaenda wapi?" Kwanza nilijaribu maranda, maana kwake ni ya bure. Yalikuwa na vumbi, Zabibu akapiga chafya siku mbili, na hakuna anayeweza kuniambia ni ya mbao gani. Mbao zenye harufu kali zinawaumiza mapafu.

Jibu nimelipata Sabasaba, kwenye mitumba: mablanketi mepesi ya manyoya laini, 3,000 moja. Mkojo unapita kwenye blanketi bila kutuama na kunywewa na taulo kuukuu zilizotandikwa chini yake, juu panabaki pakavu. Kila asubuhi nafagia mavi kwa brashi ya mkono, kila siku ya tatu nafua. Nina mablanketi manne ya kubadilisha. Mke wangu amepiga marufuku kuyaanika kwenye kamba moja na mashuka.

Karanga naosha nyayo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Analalamika kama anachinjwa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nyayo zimepona. Karanga gramu 372. Leo jioni, mara ya kwanza, ameruka hewani huku amejipinda, akatua, akaruka tena, bila sababu yoyote. Kama mwana-mbuzi. Binti alidhani ana kifafa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo niandike ya chakula, maana ndiyo yanayokula muda wangu.

Meno yao 20 yanaota maisha yote, na yale ya ndani hayaonekani mpaka yawe yamemshinda mnyama. Kinachoyasaga ni nyasi. Si mboga wala pumba, ni nyasi, mchana na usiku, zisikosekane mbele yao. Tumbo nalo ni hivyohivyo, likisimama kupokea nyasi kwa siku moja tu ni hatari. Wanakula pia sehemu ya mavi yao, yale laini, moja kwa moja yanapotoka. Nilishtuka, kisha nikasoma kwamba ndivyo wanavyopata vitamini walizozikosa mara ya kwanza. Binti hakushtuka hata kidogo, anawaeleza wenzake shuleni kwa raha kabisa.

Shida ni kwamba huu ni Oktoba na hapa ni Dodoma. Nimezunguka mtaa wetu wote wa Nkuhungu, nyasi hakuna. Kilichobaki ni vijiti vya kijivu ambavyo hata mbuzi wanavipita. Nimepata marobota mawili kwa mtu anayeleta kutoka Kongwa, 6,000 moja. Kongwa wana nyasi za malisho zilizopandwa, zimekatwa zikiwa bado na rangi ya kijani, zinanukia. Nikifungua robota naingiza mkono katikati kwanza. Likiwa na joto au harufu ya uvundo ni la kurudisha.

Halafu vitamini C. Mwili wa simbilisi, kama wetu sisi binadamu, hauwezi kujitengenezea. Akikosa anapata kiseyeye: viungo vinauma, ufizi unatoka damu, anakaa amejikunja hataki kutembea. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kipande cha pilipili hoho cha gramu 30 kinamtosha, na hoho soko la Majengo zipo mwaka mzima, ingawa bei yake inapanda na kushuka kama hisia za mtu. Pera nalo ni zuri, kidogo tu kwa sababu ya sukari. Matembele wanayapenda mno. Vidonge vya vitamini nilivyoshauriwa kuvunjia kwenye maji nimeviacha: vikishakaa kwenye maji na mwanga vinaisha nguvu, na mnyama akichukia ladha anaacha kunywa.

Muuzaji wa pembejeo alitaka kunipa chakula cha kuku cha kukuzia. "Ni nafaka tu, watanenepa." Baadhi ya vyakula hivyo vina dawa ya kuzuia kuhara damu kwa kuku, na si kila mnyama anaistahimili. Nimekataa kwa adabu.

Maji. Bomba letu linatoka kwa mgao na maji ya kisima ni ya chumvi, birika linaota ukoko mweupe kila mwezi. Mkojo wao tayari una chokaa nyingi kwa asili, ukikauka unaacha unga mweupe kwenye kapeti, na simbilisi ni wepesi wa kupata mawe kwenye kibofu. Kwa hiyo wanakunywa maji ya dukani. Sisi tunakunywa ya kuchemsha. Sijalisema hili kwa sauti nyumbani.

Jumapili, 3 Novemba

Andika hili vizuri, usije ukalisahau.

Tulirudi kanisani saa nane na nusu mchana. Binti alitangulia nyuma, nikasikia ananiita kwa sauti ambayo si yake. Zabibu alikuwa amelala kifudifudi, miguu ya nyuma imenyooka, kidevu kimelowa udenda, anatweta kwa haraka kiasi kwamba ubavu ulikuwa unatetemeka. Karanga amejibana ukutani, naye anatweta.

Niligusa bati la juu nikaondoa mkono. Kipimajoto nilichoingiza ndani kilisoma 36.

Simbilisi hatoki jasho. Raha yake ni kati ya nyuzi 18 na 24, na ikipita 27 anaanza kupata taabu. Mimi nilikuwa nimemjengea kasha la mbao lenye paa la bati, nikaliweka upande wa jua la alasiri, kisha nikaziba upepo. Kila ushauri nilioufuata ulikuwa umeandikwa na mtu anayeogopa theluji.

Tuliwaingiza bafuni, kwenye vigae. Nililowesha kitambaa kwa maji ya kawaida, si ya friji, maana baridi ya ghafla nayo inaua, nikamfunika Zabibu na kumlowesha masikio na nyayo. Maji kinywani tone kwa tone, pembeni, asije akapaliwa. Nilikaa pale sakafuni na suti ya kanisani kwa dakika 40. Kwanza pumzi zilipungua. Kisha akanyanyua kichwa. Kisha akakojoa kwenye suruali yangu, na binti akaanza kulia wakati ule wa nafuu, siyo kabla.

Jumatano, 6 Novemba

Banda limehamia mashariki, chini ya mwarobaini, kati ya ukuta na jiko la nje. Linapata jua la asubuhi mpaka saa tatu tu. Juu ya bati nimetandika mabua na magunia, na kati ya bati na dari kuna nafasi ya kiganja ili hewa ipite.

Nilifikiria chupa za maji ya barafu zilizofungwa kitambaa. Zinafanya kazi, ila umeme ukikatika mchana huna barafu, na joto halikatiki. Jawabu alilitoa mama muuza vyungu pale Majengo bila kujua. Nilitaka chungu kikubwa, nikamwambia hata kikiwa kimevunjika mdomo. Akaniuzia mtungi wa maji wenye ufa kwa 4,000. Nimeulaza ubavu ndani ya banda, nimeuzungushia gunia la katani, na gunia nalilowesha asubuhi, saa sita na saa tisa. Upande unaotoka upepo nimening'iniza gunia jingine lenye maji, nje ya wavu.

Hewa ya Dodoma mwezi huu ni kavu kama karatasi, maji yanakauka unayatazama, na yanapokauka yanaondoka na joto. Ndiyo siri ya maji ya mtungini kuwa baridi. Saa tisa alasiri leo: kivulini nje 33, ndani ya mtungi 26. Wote wawili wamelala humo, mmoja juu ya mwingine. Na ule upepo nilioukimbia Septemba ndio unaofanya kazi yote.

Jumapili, 10 Novemba

Zabibu gramu 905! Nimemwonyesha mke wangu jedwali la uzito. Nimemwambia hii ndiyo tofauti ya ufugaji wa kusoma. Akaliangalia jedwali, akamwangalia Zabibu, akasema, "Huyu mbona kapanuka pembeni tu?"

Jumatatu, 11 Novemba

Ana mimba. Nimeweka kiganja ubavuni, kitu kimenipiga teke.

Ijumaa, 22 Novemba

Watatu. Alfajiri, kabla ya adhana, kimya kabisa. Nilipokwenda kulowesha gunia nikawakuta wameshakaushwa, wamekaa foleni pembeni ya mama yao, manyoya kamili, macho wazi, meno wanayo. Gramu 92, 88 na 79. Ukizoea vifaranga vya panya vilivyo uchi, huwezi kuamini. Saa kumi jioni mmoja alikuwa anatafuna unyasi uliomzidi urefu.

Mimba yao huchukua siku 59 hadi 72. Zabibu amekaa kwangu siku 62. Kwa hesabu hiyo alipanda basi akiwa na abiria wachanga sana, na konda hakuwalipisha.

Bahati moja: yuko chini ya miezi minane, na mifupa ya nyonga ya jike ambaye hajawahi kuzaa mpaka umri huo huanza kukaza, akija kuzaa baadaye inakuwa kazi ya upasuaji. Bahati ya pili: hakuna dume humu ndani. Jike hupata joto tena saa chache tu baada ya kuzaa. Karanga bado mdogo, na nimemkagua mara tatu leo kuhakikisha ni jike.

Jumamosi, 7 Desemba

Shule zimefungwa na mama mkwe amekuja kutoka Kilolo. Nilimpokea, shikamoo mama, marahaba mwanangu, pole na safari, na kabla hajanywa chai binti ameshamvuta nyuma ya nyumba. Nilifuata haraka kwa sababu nilijua kinachokuja.

Alisimama mbele ya banda muda mrefu. Nilimweleza: meta 1.26, mtungi, magunia, mablanketi ya Sabasaba. Akatikisa kichwa taratibu. "Kwetu walikuwa wanakaa jikoni, chini, pembeni ya mafiga. Mama akigusa tu kisu kwenye mboga wanapiga kelele nyumba nzima." Akachukua jani la matembele, akalivunja kidogo tu, na wote watano wakapiga wii! wii! kama filimbi. Alifurahi.

Kisha akaangalia chini ya kitoto kimoja baada ya kingine, akiminya kidogo juu ya sehemu za siri kwa kidole gumba. "Jike. Jike. Huyu dume." Sekunde kumi. Mimi nilikuwa nimekaa na simu na picha jioni mbili nikihitimisha kwamba wote ni madume.

"Na huyu utamtoa lini kwa mama yake? Wiki ya tatu ikipita anampanda mama yake na dada zake, hana aibu."

Nilikuwa nasubiri swali la kitoweo. Binti naye nadhani alikuwa ameshalisikia mahali, maana alikuwa amembeba Karanga kifuani na kumkazia macho bibi yake. Bibi akamtazama, akacheka, akasema tu, "Hawa wa mjini wana majina. Chenye jina hakiliwi."

Wakati wa chai ndipo akaniuliza lile ambalo limenikaa kichwani tangu hapo. Hakuuliza banda lilinigharimu kiasi gani. Aliuliza, "Mkwe, nyasi za kiangazi umeziweka wapi?" Nikamwambia nanunua. Akanyamaza, kwa ile heshima ya mama mkwe, ambayo ni kali kuliko maneno.

Ijumaa, 13 Desemba

Siku ya 21. Dume ametoka. Amekwenda Ihumwa kwa mwenzangu wa ofisini, ambaye mwanawe alikuwa na dume mmoja anayekaa peke yake. Simbilisi hafai kukaa peke yake, anazubaa. Tuliwakutanisha kwenye sakafu ya sebule ambayo si ya yeyote kati yao, rundo la nyasi katikati. Walizungukana, mkubwa akanguruma na kutikisa makalio, mdogo akalala chini, wakala. Bila majike jirani, wataelewana.

Tumebaki na wanne: Zabibu, Karanga, Ukwaju na Mlenda. Jina la mwisho ni la mama mkwe.

Jumamosi, 18 Januari 2025

Zabibu amejikuna mpaka akatoa manyoya mgongoni, ngozi ina magamba. Nilikwenda duka la dawa za mifugo. Kijana hakuuliza mnyama gani wala uzito gani, alinyoosha mkono akachukua chupa ya sindano yenye penisilini. "Hii inatibu kila kitu, ng'ombe mpaka kuku."

Inawezekana, lakini simbilisi inamuua. Penisilini na jamii yake inafyeka vijidudu vizuri vya tumboni, vibaya vinabaki peke yao na kutoa sumu, mnyama anakufa ndani ya siku chache. Nililijua hili kwa bahati tu. Nilirudi mikono mitupu, nikampigia daktari wa mifugo.

Akaja, akakwangua ngozi kidogo, akasema ni utitiri. Mara nyingi huwapo kimyakimya, mnyama akichoka kwa kuzaa na kunyonyesha wanaibuka. Amempa dawa ya ivamektini kidogo sana, ameipima kwa bomba la insulini kufuata uzito wa kila mmoja, na hapa ile mizani ya jikoni ikapata heshima yake. Wote wanne wametibiwa, si Zabibu tu. Atarudia baada ya siku kumi, kisha mara ya tatu. Mablanketi yamechemshwa.

Jumapili, 9 Februari

Mvua. Mablanketi hayakauki. Matembele kila mahali. Hoho zimepanda tena. Manyoya ya Zabibu yanarudi.

Jumamosi, 15 Machi

Nina kiwanja Msalato ambacho nimeshindwa kukijenga kwa miaka minne. Nilipokwenda wiki iliyopita kukiangalia nilikuta nyasi zimenifika kiunoni, na kwa mara ya kwanza sikuona kiwanja kisichojengwa, niliona malisho. Mke wangu amesema simbilisi wameshahamia kwao, sisi bado tunachora ramani.

Hesabu niliyofanya usiku: kila mmoja anakula na kuchafua kama gramu 80 za nyasi kavu kwa siku, hiyo ni gramu 320 kwa wanne. Kutoka katikati ya Aprili mpaka mvua za mwisho wa Novemba ni siku 225 hivi. Kilo 72.

Nimekodi kijana mmoja na panga moja, mimi nina fyekeo. Tunakata asubuhi umande ukishakauka, zikiwa ndiyo zimeanza kutoa mashuke. Ukingoja zikomae na kumwaga mbegu unakuwa umevuna fimbo. Tunaepuka ukanda wa barabarani, kuna vumbi la magari na mikojo ya mbwa. Kila fungu nalipitisha mikononi: mbarika natupa mbali kwa sababu ni sumu, na zile nyasi zenye vishikizi vinavyong'ang'ania suruali natoa pia, zinawachoma midomo na macho.

Siku ya kwanza juani, tunageuza mara tatu. Siku ya pili saa nne zinaingia kivulini, ili rangi isipotee yote. Nachukua bua, nalipinda: likivunjika zimekuwa, likikunjika tu bado, na ukizifunga hivyo zitaoza kwa ndani.

Fundi amenitengenezea kasha la kufungia, halina mfuniko wala kitako, sentimita 75 kwa 50 kwa 40. Unatandika kamba mbili za katani, unajaza nyasi, unaingia na kuzikanyaga kwa miguu, unajaza tena, unakanyaga, unafunga, unanyanyua kasha. Safari hii fundi hakucheka. Aliuliza kama marobota yakizidi nitamuuzia, ana sungura.

La kwanza lilikuwa na kilo 6, legelege kama mto wa kulalia. La tatu kilo 9.

Jumapili, 6 Aprili

Yako saba. Yamepangwa stoo juu ya vichaga, hayagusi ukuta wala sakafu, na juu nimeacha nafasi ya hewa. Kila moja lina tarehe. Nimeingiza mkono katikati ya yote leo asubuhi, ni baridi na makavu. Kilo 61 kwa jumla.

Nyasi za mawili ya mwisho ziko nje, zimegeuzwa mara moja tu, na upande wa Mlimwa kumefunga wingu. Tumebeba turubai. Nilimpigia mama mkwe Kilolo kumwambia idadi. "Saba," akasema. Kisha, baada ya muda kidogo, "Na huyo Karanga ana gramu ngapi sasa?"

Gramu 780, mama.